Mwalimu mbaya wa katuni: kinachochekesha ni uchovu, si fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wachora katuni wenzangu, na pia niseme nawe unayeamua kazi zetu zichapishwe kwa ukubwa gani. Jambo lenyewe ni mwalimu mbaya wa katuni: yule aliyechoshwa na kazi, mwenye roho ya kwanini, anayewachukia watoto na kengele ya asubuhi kwa kiwango kilekile. Ni mhusika wa zamani na bado ana nguvu. Lakini siku hizi tunamchora kivivu. Mdomo wazi, mishipa ya shingo imetutumka, fimbo iko hewani, mtoto analia chini. Msomaji anatazama, anafunua ukurasa unaofuata. Hakucheka kwa sababu hakupewa cha kuchekea.

Mwalimu huyu huchekesha pale ubaya wake unapotokana na uchovu tunaouona kwa macho, na pale ubaya huo unapomrudia yeye mwenyewe kwa sura ya kazi zaidi. Ukimwondolea uchovu anabaki mtu mkali tu, na ukali peke yake hauna utani ndani yake.

Wengi wetu tunauchora uchovu wa kazi bila kuujua. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu yake baada ya kuwaona watu wa kujitolea katika kliniki walioanza kazi kwa moyo mkubwa wakaishia kukauka kabisa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso la kuupimia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, na likasema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa. Ishara zake ni tatu: mtu huishiwa nguvu, hujitenga na kazi yake kiakili au huibeza, na ufanisi wake hushuka. Kwa mchora katuni, ishara hizo zinagawana kazi vizuri sana. Ya kwanza inakaa mwilini, ya pili inakaa mdomoni, ya tatu inakaa kwenye mkasa.

Mwili kwanza. Kabla ya kugusa uso, chora umbo lake zima ulijaze wino mweusi. Kama weusi huo peke yake hausemi kwamba mtu huyu amechoka na ni mbaya, rudia. Miwani na tai haviokoi umbo lililokosewa. Kinachofanya kazi ni shingo inayotangulia kifua, mabega yaliyoshuka, mgongo uliopinda kwa juu, na mikono mirefu kuliko inavyopaswa, ikining'inia hadi karibu na magoti. Urefu wake uwe vichwa sita au sita na nusu, yaani kichwa chake kiingie mara sita au zaidi kidogo toka utosini hadi nyayoni. Watoto wape vichwa vitatu. Tofauti hiyo inamfanya awe tishio hata akiwa amekaa, na inamlazimu ainame kila anaposema na mtoto. Kuinama huko ni mali: kila kisanduku cha katuni kinatuonyesha mgongo unaouma bila neno hata moja.

Uso wake unabebwa na macho. Kope za juu zifunike nusu ya mboni. Chini ya kila jicho weka mistari miwili ya uchovu, si minne, kwa sababu kazi ya gazeti huchorwa kubwa kisha hupunguzwa, na mistari minne iliyobanana ikipunguzwa hujaa wino ikawa doa. Msomaji atadhani mwalimu amepigwa ngumi. Nyusi ndipo wengi wanapoharibu. Wanazishusha zote mbili kuelekea puani, wanapata hasira, basi. Mtu aliyechoka huinua nyusi ili macho yasifumbe. Kwa hiyo mpe mwalimu nyusi moja iliyoshuka kwa ubaya na nyingine iliyopanda kwa jitihada ya kutosinzia. Uso huo mmoja una vita ndani yake, na unaweza kuutumia wiki nzima bila msomaji kuuchoka.

Mswisi Rodolphe Töpffer, ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa hadithi za picha, alikuwa mwalimu mwenye shule ya bweni mjini Geneva. Mwaka 1845 alitoa insha juu ya uchoraji wa nyuso, na humo alichora vichwa vilevile mara nyingi akibadilisha sehemu moja tu: pua, mdomo, jicho. Zoezi lake bado ni bora kuliko mengi ninayoyaona yakifundishwa. Chukua karatasi, chora kichwa cha mwalimu wako mara kumi na mbili. Katika sita za kwanza badilisha kope tu, katika sita zinazofuata badilisha mdomo tu. Utaona kwamba hasira kali haihitajiki mpaka kichwa cha kumi na mbili. Vilivyo katikati ndivyo vyenye utani: chuki iliyokosa nguvu za kusimama.

Kisha mpe alama za kazi. Vumbi la chaki kwenye mkono wa shati mpaka kiwiko, kwa sababu anafuta ubao kwa mkono wake ili asitembee hatua tatu kufuata kifutio. Wino mwekundu kwenye paji la uso, kwa sababu hushika kichwa akiwa na kalamu ya kusahihishia vidoleni. Vifungo vya shati vilivyokosewa kwa tundu moja, hivyo upande mmoja wa kola uko juu ya mwenzake. Chagua mbili tu uzishike siku zote. Ukiziweka zote msomaji hajui atazame wapi, na wewe mwenyewe utasahau mojawapo wiki ya tatu.

Maneno yake sasa. Aliyechoka hahubiri. Kisanduku kimoja kikipita maneno ishirini na tano, huyo si mwalimu wako, huyo ni wewe unaeleza utani. Sentensi zake ziwe fupi, za sauti ya chini, na ziwe zinatimiza taratibu zote za ualimu huku zikizinyima maana. Mfano:

Kisanduku cha kwanza: "Nani hajaelewa?"
Cha pili: darasa zima limenyoosha mikono.
Cha tatu, amekwisha geukia ubao: "Vizuri. Tunaendelea."

Hapo hakuna tusi. Aliuliza, kama mwalimu anavyotakiwa kuuliza. Ubaya wote umo katika neno "vizuri", na msomaji aliyewahi kukaa darasani analitambua mara moja. Linganisha na mwalimu anayewaita watoto majina ya wanyama, au anayecheka sura zao, viatu vyao na umaskini wa kwao. Huo ni ukatili wa mchoraji aliyejificha nyuma ya mhusika, na mtoto anayesoma katuni hiyo kesho yake anaibeba kwenda kumtania mwenzake. Mbezaji wa kweli hamgusi mtoto mmoja. Anabeza elimu, ratiba, ubao, somo lake mwenyewe.

Mkasa ndio unaotaka fikra zaidi, maana hapo ndipo mwalimu huyu anapokuwa adui wa katuni hasa, mwenye mipango na hila. Kanuni yake ni hii: anachokitaka kiwe kidogo mno, na mpango wa kukipata uwe mkubwa mno. Asitake kutawala dunia. Atake kukaa chini dakika kumi bila kuulizwa kitu. Ili azipate dakika hizo atachora ramani ubaoni, atatunga sheria zenye vifungu, atapanga upya madawati, ataweka kamba mlangoni. Pengo baina ya haja na hila ndilo linalochekesha, na ndilo linalotuambia amechoka kiasi gani.

Halafu mpango ufaulu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaufanya mpango uharibike, mwalimu anateleza, anaangukia ndoo. Kuanguka kunachekesha mara moja. Mpango uliofaulu sawasawa, ukamletea kazi kuliko ile aliyoikimbia, unachekesha kila ukiukumbuka. Nitauchambua mmoja kwa kirefu.

Mwalimu amechoka na maswali. Anaandika ubaoni: "Atakayeuliza swali ataliandika mara mia moja." Kisanduku cha kwanza ni hicho tu, yeye na ubao, na kichwa cha mtoto mmoja pembeni ili tujue ukubwa wake. Kisanduku cha pili, mtoto mmoja amesimama kwa adabu zote: "Mwalimu, tuandike kwa kalamu au kwa penseli?" Nyuma yake, mikono mingine inapanda. Kisanduku cha tatu ni usiku, taa moja, mlima wa madaftari, na juu ya mlima tunaona kope mbili na kalamu nyekundu. Hesabu inakubali: darasa la watoto 45, kila mmoja swali moja, ni mistari 4,500. Akisoma kila mstari kwa sekunde mbili tu, ni saa mbili na nusu. Msomaji hatapiga hesabu hiyo, lakini wewe mchoraji uipige, kwa sababu ndiyo itakayokuambia mlima wa madaftari uwe na urefu gani. Ukichora madaftari kumi mkasa unakufa. Chora mpaka yakate ukingo wa juu wa kisanduku.

Angalia kilichoachwa nje: hatukuwaona watoto wakiandika. Ukiongeza kisanduku cha watoto wenye vidole vinavyouma, huruma inahamia kwao na kicheko kinazimika kabla ya mlima kufika. Adhabu ya watoto irukwe. Adhabu ya mwalimu ndiyo ichorwe kwa kila mstari. Na wino wote mzito uutumie pale usiku, ili jicho litue hapo mwisho lisirudi nyuma.

Jambo jingine katika mfano huo: mtoto hakuwa mjanja. Aliuliza kwa dhati, kwa kuwa anataka kutii sheria vizuri. Hili ningependa wenzangu walishike kuliko yote niliyosema. Mtoto mjanja mwenye majibu ya mkato humgeuza mwalimu kuwa mtu anayeonewa, na tunaanza kumtakia mtoto mabaya. Mtoto mtiifu ni hatari zaidi. Mwalimu amesema "msisogee mpaka niseme", basi kengele ya kwenda nyumbani inalia na hakuna aliyesogea, naye hawezi kuondoka akaliacha darasa limejaa. Mwalimu ametoa betri kwenye saa ya ukutani ili watoto wasiitazame. Watoto hawaitazami kweli, wanasikiliza somo, na yeye ndiye anayefundisha mpaka giza. Ametunga mtihani mgumu ili awakomoe, wote wamefeli, na sasa mwalimu mkuu anataka maelezo ya maandishi kwa kila mtoto na marudio ya mtihani kwa wote. Utii unambana mtu huyu kwa sheria aliyoitunga kwa mkono wake, na hana wa kumlaumu.

Ndiyo sababu naipinga fimbo. Sababu ya ubinadamu iko wazi: msomaji mdogo anayejua maumivu yake haoni utani wowote. Lakini hata kwa hesabu ya ufundi tu, fimbo ni chombo kibovu. Ikishapiga, mkasa umekwisha. Haigeuki, haina kifungu kilichosahaulika, mtoto hawezi kuitii kupita kiasi. Sheria inaweza kugeuzwa, ratiba inaweza kugeuzwa, kengele inaweza kugeuzwa. Kama lazima mwalimu ashike kitu, ashike chaki iliyobaki kipande cha kucha, na ahangaike kuandika nayo.

Mjerumani Wilhelm Busch, mwaka 1865, alichora mwalimu ambaye wavulana wawili wanamjazia baruti kwenye kiko chake. Mwalimu huyo hata si katili. Amemaliza kazi, amerudi nyumbani, anakaa na kuwasha kiko huku akisifu kuridhika, na hapo ndipo mlipuko. Busch alijua mahali pa kupiga: si kichwani wala mgongoni, ni kwenye dakika ya mapumziko. Kwa mwalimu aliyechoka na mwenye roho mbaya kanuni hiyo inakuwa kali zaidi, kwa sababu mapumziko ndiyo kitu pekee anachokitamani. Kila mkasa umpeleke karibu na kiti, na kiti hicho tukione.

Kuna kosa jingine linalotoka upande wa pili, la wachoraji wenye moyo laini. Baada ya miezi michache wanamwonea huruma, wanaandika mfululizo wa maisha yake ya utotoni, mchumba aliyemkimbia, chozi moja. Baada ya hapo hawezi tena kuwa mbaya. Kila akifoka tunakumbuka chozi. Msimsamehe. Mwacheni aamke kila asubuhi akiwa mbaya vilevile. Kitu kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa, na kinatoka moja kwa moja kwa Freudenberger: waliokauka walianza na moyo. Basi mara chache sana, kwa kisanduku kimoja, mwalimu ajisahau. Labda ni somo la sayari, au sehemu fulani ya hesabu aliyowahi kuipenda. Mgongo unanyooka, kope zinafunguka, mboni zinaonekana nzima kwa mara ya kwanza, watoto wamekaa kimya kwa hiari yao. Kisanduku kinachofuata kengele inalia na shingo imerudi mbele. Msieleze. Na msirudie kabla miezi haijapita, la sivyo itakuwa desturi.

Nawasikia walimu wanaolalamika kwamba katuni hizi zinadhalilisha kazi yao, na kwa katuni za fimbo nakubaliana nao. Lakini kusahihisha madaftari 45 kwa dakika mbili kila moja ni saa moja na nusu kwa kipindi kimoja tu, na hayo hutokea baada ya kengele, mahali ambapo mzazi haoni. Mlima wa madaftari ukichorwa kila wiki unamwonyesha mzazi huyo kitu cha kweli, hata kama aliyekaa nyuma yake ni mtu mbaya.

Kwa wanaofanya filamu za katuni nina machache. Filamu huenda fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na kwa kawaida kila mchoro hushika fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mchovu atofautiane na watoto kwa muda, si kwa umbo pekee. Mtoto akimwita, asigeuke mara moja; mshikilie palepale fremu 12, nusu sekunde, ndipo kichwa kianze, kisha mabega, na macho yafike mwisho. Kupepesa jicho kwa kawaida ni kama fremu 6. Mpe 16: nne za kufumba, sita amefumba, sita za kufumbua kwa shida. Hasira yake iwe kinyume chake, fremu tatu au nne mpaka kileleni, halafu ashikiliwe hapo akitetemeka kidogo kabla nguvu hazijamwishia katikati ya sentensi. Kosa la kawaida ni kumyumbisha muda wote mkidhani huo ndio uchovu. Anayeyumba muda wote anaonekana mlevi. Aliyechoka kweli hatingishiki bila sababu, kwa kuwa kutingishika kunagharimu. Anayempa mwalimu sauti naye asifoke: avute pumzi kabla ya kila sentensi na aimalize chini ya alipoanzia.

Sasa nakuja kwako, Ndugu Mhariri, kwa sababu nusu ya haya yanafia mezani pako. Sisi huchora mara mbili ya ukubwa wa kuchapwa. Mstari wa milimita 0.6 unafika kwako ukiwa 0.3, na karatasi ya gazeti hunyonya na kutandaza wino, hivyo mianya tunayoiacha baina ya mistari, milimita moja kwenye mchoro wa asili, ndiyo inayozuia macho kuwa madoa. Herufi tunaziandika milimita 4 ili zichapwe 2. Tangazo likiingia dakika za mwisho ukaipunguza katuni hadi theluthi ya asili, herufi zinakuwa milimita 1.3 na zile kope zilizofunika nusu ya mboni hazionekani tena. Kinachobaki ni mtu mrefu mbele ya watu wafupi. Usikikate pia kisanduku cha katikati ili viwili vilivyobaki vienee safu, kwa maana mikono iliyonyooshwa ilikuwa humo, na bila mikono "vizuri" si utani. Kama nafasi haipo siku hiyo, iweke katuni ingoje kesho, au tuambie mapema tuchore ya visanduku viwili. Tunaweza kuichora. Inahitaji tu kupangwa tangu mwanzo, ubao upande mmoja na madaftari upande wa pili.

Wako,
Mchora katuni